Msumeno wa Nakshi: Kazi ya Mikono kwa Miezi ya Kiangazi

Wakulima wengi hufika ofisini kwetu Kajiado kuuliza habari za mbegu, dawa ya kupe na karatasi za mashamba. Agosti iliyopita alifika mzee mmoja kutoka upande wa Kitengela na swali la namna nyingine. Alikuwa amekata miti minane ya mgrevilea, ile ambayo wengi huiita mukima, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kikiyadhoofisha mahindi mpakani. Mwenye lori la kuni alikuwa amekwisha kuitazama, na bei aliyomtajia ilikuwa ndogo hata mzee akaona haya kuisema mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Akaniuliza, "Mwanangu, mti niliouotesha miaka kumi na minne, hauna kazi nyingine ila kuchemsha chai ya hoteli?"

Nilimjibu kwamba unazo kazi nyingi. Magogo manene yafaa kupasuliwa mbao na kuuzwa kwa mafundi wa viti na meza. Lakini ubaki ule mdogo, yaani vipande vya urefu wa mkono mmoja ambavyo fundi hukataa, huo ndio niliotaka kumwambia habari zake, na ndio somo letu la mwezi huu.

Uko msumeno mdogo ambao kazi yake ni kukata mapindo katika ubao mwembamba. Una fremu ya chuma mfano wa herufi U, mpini mmoja wa mti, na bledi nyembamba sana iliyovutwa baina ya ncha mbili za fremu. Kwa sababu bledi ni nyembamba, yaweza kugeuka ndani ya ubao, na kwa hiyo hukata duara, jani, sikio la ng'ombe au herufi ya S, mambo ambayo msumeno wa kawaida hauwezi. Katika somo hili nitauita msumeno wa nakshi. Dukani, ukimweleza mwenye duka umbo lake, atajua.

Kazi yake si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mtu akifika Unguja, mbele ya bahari karibu na bandari, ataliona jengo liitwalo Zahanati ya Kale. Tajiri Tharia Topan alilianzisha mwaka wa 1887, likamalizika mwaka wa 1894 naye amekwisha kufariki. Roshani zake zimepambwa kwa mbao zilizotobolewa na kukatwa kama kitambaa cha lesi. Wasomaji wasichanganye kazi hiyo na ile ya milango ya Lamu. Milango huchongwa kwa patasi na nyundo, na ubao hubaki mzima nyuma ya ua. Kazi ya msumeno wa nakshi hupenya hata upande wa pili, na mwangaza hupita. Nako Uingereza, tangu mwaka wa 1895, lilikuwako gazeti la kila juma lililoitwa Hobbies Weekly, ambalo liliwapa wasomaji michoro ya kubandika juu ya ubao na kukata nyumbani jioni. Watu wengi walijifunza kwa njia hiyo bila kuingia karakana hata siku moja. Basi hata sisi twaweza kujifunza kwa gazeti.

Lakini kabla ya msumeno, nianze na ubao, maana hapo ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe.

Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na chuoni tulifundishwa kutengeneza vifaa vya kufundishia. Miaka michache iliyopita mwalimu wa darasa la watoto wadogo, jirani yetu, aliniomba picha za vipande: ubao mmoja wenye picha ya mnyama, uliokatwa vipande ambavyo mtoto huvitoa na kuvirudisha mahali pake. Nilifurahi mno. Mama yangu alikuwa amekata mgrevilea wiki tatu tu kabla ya hapo. Nikapasua vibao, nikapiga randa, nikakata ng'ombe watano, twiga watatu na kobe wawili, nikapaka rangi. Vilipendeza. Mwalimu akanilipa shilingi 500 kwa kila kimoja. Baada ya miezi miwili alivirudisha vyote ndani ya gunia. Vibao vilikuwa vimepinda kama vigae, vipande vingine vilikuwa vikianguka vyenyewe, na vingine vilikwama hata watoto walivitoa kwa meno. Hakunigombeza, aliweka gunia mezani akasema, "Bwana karani, labda wewe utajua la kufanya nacho." Nilimrudishia fedha zake kwa mafungu mawili, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kununulia mbolea.

Kosa lilikuwa moja tu: mti ulikuwa mbichi. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi, na maji yakitoka, mti hunywea. Tena haunywei sawasawa. Kwa urefu wake hubadilika kidogo mno hata huwezi kuona. Kwa upana hunywea sana. Kwa hiyo duara uliyoikata leo katika ubao mbichi, baada ya miezi miwili haitakuwa duara, itakuwa yai. Na katika nchi yetu ya Kajiado, penye jua kali na upepo mkavu, ubao hukauka upesi kwa nje huku ndani ungali na maji, na hapo ndipo hupasuka.

Dawa yake ni subira na kivuli. Ukiisha kupasua mbao, zipake ncha zote mbili rangi kuukuu au nta, maana maji hukimbilia kutoka kwa ncha na ufa huanzia huko. Zipange kwenye banda lenye upepo lakini lisilo na jua, zikiwa zimeinuliwa juu ya mawe. Baina ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene mmoja, vikiwa vimesimama mstari mmoja toka chini hadi juu. Kijiti kikiwa upande wake peke yake, ubao utapinda hapo. Weka mawe mazito juu ya rundo. Mbao nyembamba za nusu inchi zitakauka mapema. Za inchi 1 au 2 zataka miezi mingi.

Utajuaje kwamba zimekauka? Wako watu wanaogonga na kusikiliza, na wengine hunusa. Mimi nawaambia mpime. Chukua kipande kimoja katika rundo, kiandike alama, kipime kwa mizani ya jikoni au ile ya maziwa kila Jumamosi, na uandike uzito. Kila juma utapungua. Majuma matatu yakipita bila kupungua hata kidogo, mbao zako zimekauka kadiri ya hewa ya hapo. Njia hii haihitaji elimu wala mashine, nami nasikitika kwamba sikuifuata mara ya kwanza ijapokuwa niliijua.

Miti inayofaa ni ile laini kiasi, isiyo na nyuzi zilizopindana sana. Mgrevilea wafaa, na jakaranda ni mzuri zaidi kwa msumeno. Mwarobaini na mwembe pia hufaa. Mkaratusi ni mgumu na hupenda kupinda. Uacheni uwe nguzo. Mkulima asiye na mbao kavu aweza kununua kipande cha plaiwudi. Plaiwudi haipindi upesi kwa sababu tabaka zake zimegandishwa nyuzi zikipishana.

Hapa sina budi kusema neno juu ya miti ambayo haifai kuguswa. Jirani zetu wa Machakos wanajulikana kwa vinyago. Kazi hiyo ya Wamunyu yatajwa kuwa ilianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza kisha akarudi nayo nyumbani. Ikalisha maelfu ya watu; lakini mpingo na muhugu walioupenda ukawa adimu, hata wachongaji wakageukia mwarobaini, jakaranda, mwembe na mgrevilea, yaani miti ya kupandwa. Sisi tuanze pale walipofikia wao. Mzeituni-mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien, makaa yake husafishia vibuyu vya maziwa na fimbo zake ni za heshima. Hukua polepole mno, nao si mti wa kukatia picha za kobe. Na msandali, ulioko katika milima ya kusini mwa kaunti yetu, serikali ilipiga marufuku kuukata mwaka wa 2007. Mtu akikuletea kigogo chake kwa bei rahisi, mwambie aondoke nacho.

Sasa vyombo. Fremu ya msumeno, ukiweza kuchagua, ichukue yenye kina kirefu, maana kina ndicho kitakachoonyesha ni umbali gani kutoka ukingoni waweza kufika. Bledi nunua angalau dazeni moja. Zitakatika, nawe usijilaumu, kila mwanafunzi hukata bledi nyingi kabla ya kukata ng'ombe mmoja. Chagua bledi ambayo, ukiiweka kando ya ubao wako, meno yasiyopungua matatu yatakuwa ndani ya unene wa ubao kwa wakati mmoja. Yakiwa machache zaidi, jino moja litanasa na bledi itakatika.

Ifunge bledi meno yakitazama chini, upande wa mpini. Wengi hukosea jambo hili. Msumeno wa seremala hukata ukisukumwa, lakini huu hukata ukivutwa chini, kwa sababu bledi nyembamba hivi ikisukumwa hujikunja. Ibane fremu kidogo kwa kifua huku ukikaza nati zenye masikio, kisha uiachilie ijivute. Iguse bledi kwa ukucha: ikilia kama uzi wa zeze, imekaza barabara, ikinyamaza, ilegeze uikaze upya.

Chombo cha tatu ni cha kutengeneza mwenyewe, nacho ni cha lazima: ubao wa panda. Chukua ubao wa upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 30, ukate ncha yake moja mfano wa V, kama panda ya manati. Ufunge juu ya meza kwa kibano au kwa misumari miwili, panda ikitokeza nje ya meza. Kazi yako italala juu ya panda hiyo, na bledi itapanda na kushuka katikati ya V. Keti juu ya kigoda kifupi, panda iwe karibu na kifua, macho yawe juu ya mstari.

Zaidi ya hivyo utahitaji kekee yenye kijino chembamba, msasa mkali na mlaini, gundi ya maji, penseli na mshumaa. Jiriwa, ambayo wengine huiita vaisi, si lazima.

Tufanye ng'ombe. Chukua ubao mkavu wa milimita 10 hivi, uliopigwa randa, upana wa karatasi ya daftari kubwa. Chora ng'ombe juu ya karatasi. Asiyejua kuchora na amwombe mtoto wa darasa la sita, maana ng'ombe mwenye mistari michache ndiye anayefaa. Kabla ya kubandika karatasi, tazama nyuzi za mti zinakwenda upande gani. Mguu wa ng'ombe sharti ufuate nyuzi, kutoka juu kwenda chini. Ukiuweka mguu kukatisha nyuzi utavunjika siku ya kwanza, kama biskuti. Pembe ndizo taabu, kwa kuwa zaelekea kando. Kwa hiyo zifanye nene na fupi, au uchore zikiwa zimeungana na sikio. Ng'ombe wangu wa kwanza wote walikuwa na pembe ndefu za fahari, na wote walipoteza.

Kwanza kata ng'ombe mzima atoke katika ubao, ili ubao unaobaki uwe fremu yake. Toboa tundu dogo kwa kekee penye pembe ya mchoro, mahali pasipoonekana sana, kama baina ya mkia na paja. Fungua ncha moja ya bledi, ipitishe tunduni, ifunge tena. Sasa anza kukata, polepole, mikono ya juu na chini tu, bledi ikiwa imesimama wima kabisa. Nasema wima, kwa sababu bledi ikilala kidogo, kipande kitatoka kwa upande mmoja na kukataa upande mwingine, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Usiupinde msumeno kufuata mstari. Mkono wa msumeno ubaki mahali pamoja, na mkono mwingine ndio ugeuze ubao. Ukifika penye kona kali, endelea kupandisha na kushusha msumeno pale pale bila kusonga mbele, huku ukigeuza ubao kidogo kidogo mpaka bledi itazame njia mpya. Bledi ikipata moto au kukwaruza, ipake nta ya mshumaa. Ukichoka, acha, mistari mibovu yote hukatwa na mtu aliyechoka anayesema "nimalizie hapa tu".

Ng'ombe akiisha kutoka, mkate vipande vitano au sita: kichwa, shingo na bega, tumbo, paja na mkia, miguu. Visizidi. Gandisha fremu juu ya ubao mwembamba au plaiwudi iwe na kitako, kisha piga msasa kingo zote hata ukipitisha ulimi wa kitambaa kisinase. Kila kipande kiwe kikubwa hata kisiweze kupita katika bomba la karatasi lile la ndani ya karatasi za choo. Kinachopita humo, mtoto mdogo aweza kukimeza au kukabwa nacho. Rangi iwe ile iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kama hujui rangi imetoka wapi, usiipake, afadhali ubao mtupu uliopigwa msasa. Nawe mwenyewe, unapopiga msasa, funga barakoa na ukae penye upepo. Vumbi la mbao hudhuru kifua, na la mgrevilea huwawasha ngozi watu wengine.

Ukimweza ng'ombe, jaribu ramani. Yasemekana picha za vipande zenyewe zilianza kwa ramani: John Spilsbury wa London, katika miaka ya 1760, alibandika ramani juu ya ubao akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Kaunti yetu ina majimbo matano ya uchaguzi, Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi na Kusini, yaani vipande vitano hasa, na mtoto wa Kitengela atajua kwamba kwao ni Kajiado Mashariki kabla hajajua kusoma. Kenya nzima ina kaunti 47. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kukomaa, na kaunti ndogo za magharibi zitamtoa jasho.

Ziko pia mashine za umeme za kazi hii. Bledi husimama juu ya meza ndogo ya chuma na kupanda na kushuka mamia ya mara kwa dakika, nawe kazi yako ni kusogeza ubao kwa mikono miwili. Ni nzuri, na hukata ubao mnene bila kupinda. Lakini sishauri mtu akope fedha kununua mashine kabla hajaharibu bledi dazeni mbili kwa mkono. Asiyeweza kukata wima kwa mkono hajui bado anachotaka mashine imfanyie. Tena mashine iliyo bora haitanyosha ubao mbichi.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Kazi hii haitaondoa ng'ombe wala kulipa deni la shamba. Wakati wa ukame wa mwaka wa 2022, wengi wa wasomaji wetu walipoteza mifugo, na hakuna kobe wa mbao atakayerudisha ng'ombe wa maziwa. Lakini miezi ya Julai hadi Septemba shamba la mvua halina kazi nyingi, na watoto wa madarasa mawili ya chekechea wako kila mahali penye makazi mapya. Kabla ya kukata kumi, kata kimoja, mpelekee mwalimu, kaa nyuma ya darasa utazame watoto wakikitumia. Utajifunza pale kuliko kwangu. Na unapotaja bei, hesabu ubao kama kwamba umeununua, hesabu bledi zilizokatika na rangi, kisha saa zako. Wakulima wetu husahau saa zao, katika maziwa hata katika mbao.

Yule mwalimu jirani nilimpelekea seti ya pili baada ya mwaka mmoja, ya mbao zile zile za mama yangu, sasa zikiwa kavu. Alizipokea, akaziweka dirishani penye jua miezi mitatu bila kuwapa watoto. Sikukasirika. Mwezi wa nne akatuma mtoto kuniuliza kama naweza kukata punda.

Na mzee wa mikima minane hakuiuza kwa lori. Alipasua magogo matano kuwa mbao, akauza tatu yaliyosalia kulipia mashine. Mbao zimo bandani mwake juu ya mawe, na kila Jumamosi hupima kipande chake kwa mizani ya maziwa na kuandika uzito ukutani kwa mkaa. Nilipopita kwake juma lililopita kilikuwa bado chapungua, gramu 20 tangu Jumamosi iliyotangulia, na msumeno wake mpya ulikuwa umening'inia msumarini, haujakata kitu.